Damu yetu mnaipeleka wapi?

Nimepotea kama wiki tatu hivi, na wengine mmeanza kuniuliza kama nimehama chuo. Sijahama jamani. Huku kwetu umeingia msimu wa andiko la utafiti, na ukimwona mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne anatembea peke yake hapa Mbeya huku anaongea mwenyewe, usikimbilie kusema apelekwe Mirembe. Anatafuta mada. Ukichanganya na hii baridi ya Julai inayoshuka kutoka Loleza, na boom ambalo limeshaisha kabla halijaingia, basi ndo picha yenyewe hiyo.

Mimi mada yangu nimeipata. Nataka kujua wanawake wanaofanya kazi kwenye baa na nyumba za wageni kando ya barabara kuu wangapi wamewahi kupima saratani ya mlango wa kizazi, na ambao hawajapima kinachowazuia ni nini. Nikaandika kurasa zangu sita, maswali ishirini na nne, nikampelekea msimamizi wangu, mama mmoja daktari wa wanawake ambaye haongei sana. Akasoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akaniuliza: "Huyu mama ukishamuuliza haya yote, ataondoka na nini mkononi?" Basi. Hakusema zaidi. Akanipa orodha ya vitu vya kusoma na kuniambia nirudi baada ya wiki mbili.

Ndo nimekuwa nikisoma. Na nilivyosoma nimeona si haki nivikalie peke yangu, maana ni habari za huku huku kwetu na wengi wetu tunapita juu yake kila siku bila kujua.

Kwanza kabisa, utafiti wa uzazi Nyanda za Juu Kusini si jambo la jana. Mwaka 1984 jarida la madaktari wa uzazi wa Afrika Mashariki na Kati lilitoa ripoti ya awali ya T. G. Price kuhusu vifo vya akina mama vilivyotokea Nyanda za Juu Kusini mwaka 1983. Hebu fikirieni mwaka huo. Nchi ilikuwa kwenye foleni za sukari na sabuni, mafuta ya gari ni ya kuvizia, simu ya kijijini hakuna, halafu mtu anakaa chini kuhesabu akina mama waliokufa kwa uzazi. Mkutano mkubwa wa uzazi salama uliofanyika Nairobi, ule ulioifanya dunia ianze kulizungumza jambo hili kwa sauti, ulikuja Februari 1987. Yaani huku watu walikuwa wameshaanza kuhesabu kabla dunia haijashtuka. Mimi nilidhani utafiti ni maabara na mashine zinazowaka taa. Kumbe utafiti wa kwanza ni kukataa kwamba mama amekufa na kazikwa halafu basi, hakuna aliyeandika.

Haya, sasa tuje kwenye habari iliyonifanya nikose usingizi.

Mnaijua barabara ya Zambia, ile wazee wanaiita TANZAM. Inatoka Dar, inapanda Kitonga, inapita Ilula kwenye nyanya, Ipogolo, Mafinga, Makambako, inaingia Igawa, Chimala, Uyole, Mbeya mjini, Mbalizi, Mlowo, Vwawa mpaka Tunduma. Kila malori yanapolala pana baa, na kila penye baa pana baamedi. Mwaka 2000, wakati Songwe bado iko ndani ya Mkoa wa Mbeya, watafiti waliandikisha wanawake 600 wanaofanya kazi za baa mkoani Mbeya na kuanza kuwafuatilia. Walikuwemo daktari Mjerumani Gabriele Riedner, Michael Hoelscher wa Chuo Kikuu cha Munich, na Watanzania akiwemo Dk. Leonard Maboko, yule ambaye baadaye aliiongoza TACAIDS. Kila baada ya miezi mitatu mwanamke alikuja kliniki, akahojiwa, akapimwa kwa spekulamu, akachukuliwa vipimo na damu, akapewa ushauri, na akikutwa na ugonjwa wa zinaa anatibiwa.

Siku ya kwanza tu matokeo yalikuwa ya kutisha. Karibu theluthi mbili ya wale wanawake walikuwa tayari na VVU. Zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na kisonono. Tena kwa mwanamke kisonono na klamidia mara nyingi havionyeshi dalili yoyote. Mwanamume atalia chooni, ataenda duka la dawa kimya kimya. Mwanamke anaendelea kuhudumia meza, huku mirija ya uzazi inaharibika ndani kwa ndani, na miaka kumi baadaye mawifi wanamwita tasa.

Halafu namba zikaanza kusogea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 katika jarida la AIDS yanaonyesha kisonono kilishuka kutoka asilimia 22.2 hadi 6.8. Na VVU je? Mwanzoni, ukichukua wanawake 100 ambao hawana virusi ukawafuatilia mwaka mzima, karibu 14 wangeambukizwa (namba kamili ni 13.9). Mwishoni ikawa 5. Kutoka 14 mpaka 5, bila chanjo, bila dawa ya ajabu. Kliniki, kondomu, tiba ya magonjwa ya zinaa, na mtu wa kuongea naye kila miezi mitatu.

Msimamizi wangu alinionya nisishangilie haraka, naye ana hoja. Hapakuwa na kundi jingine la baamedi ambao hawakupewa huduma ili tulinganishe. Inawezekana wale waliokuwa kwenye hatari zaidi waliambukizwa mwanzoni, wakabaki wenye bahati au wenye tahadhari. Inawezekana nchi nzima ilikuwa inabadilika. Ila haisimami peke yake. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 1995 ulikuwa na vijiji vya kulinganisha, na ukaonyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Mazingira mengine, njia nyingine, lakini mwelekeo ni ule ule.

Hapo nikajiuliza swali moja ambalo linanisumbua mpaka leo. Dawa za ARV za bure zilianza kutolewa Tanzania mwaka 2004. Wale wanawake waliandikishwa mwaka 2000. Kwa hiyo kuna mama alikuja kliniki mwaka 2000, akaambiwa una virusi, akatibiwa kisonono, akapewa kondomu, akarudi kazini kubeba kreti za bia. Kuna walioziwahi dawa na kuna ambao hawakuziwahi. Watafiti hawakuwa na hizo dawa mfukoni wakawanyima, nchi yenyewe haikuwa nazo. Lakini ukiwa wewe ndo yule mama, maelezo hayo yanakusaidia nini?

Na damu yake je? Hii nayo muielewe. Mbeya ni njia panda hata kwa virusi. Aina C ya VVU imepanda kutoka kusini, aina A na D zimeshuka kutoka kaskazini, zote zimekutana hapa. Watafiti walitaka kujua kama mtu mwenye aina moja anaweza kuambukizwa tena aina nyingine. Sehemu ya uchambuzi wa vinasaba vya virusi ilifanywa na wenzao wa Ujerumani na Marekani. Jibu likawa ndiyo, inawezekana, na virusi viwili vikikutana ndani ya mtu mmoja vinachanganyika na kuzaa cha tatu. Hiyo ni sayansi kubwa, imesaidia dunia kufikiria chanjo inayotakiwa ni ya namna gani. Imetoka kwenye mishipa ya baamedi wa barabara ya Zambia. Mimi sijaona hata bango moja Mbeya hii linalowashukuru.

Nilipokwenda nyumbani Iringa wikiendi iliyopita nikapitia kwa shangazi yangu Mafinga. Shangazi sasa anauza mitumba, lakini kati ya 1999 na 2005 alikuwa baamedi Makambako. Nyumbani hilo jambo halisemwi mbele ya wageni. Mimi nilijua tangu nikiwa mdogo kwa sababu wajomba wakilewa ulanzi walikuwa wanamtupia maneno.

Nikamsalimia, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, akanipikia chai ya maziwa, tukakaa jikoni karibu na moto. Nikamweleza utafiti wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akachochea kuni, akasema:

"Na nyie damu yetu mnaipeleka wapi?"

Nikamwambia shangazi mimi sichukui damu, nauliza maswali tu. Akacheka. Akasema hata wale walianza na maswali. Kumbe aliwahi kuhojiwa na watu wenye makaratasi, miaka hiyo hiyo ya baa. Walikuja mchana kabla wateja hawajafika, wakauliza umelala na wanaume wangapi, wakachukua damu, wakasema majibu yatakuja. Hayakuja. Hao walikuwa watu wengine kabisa, si wa ule utafiti niliowaeleza hapo juu, na sitawataja. Kwa miezi saba, shangazi anasema, kila gari jeupe likisimama nje ya baa moyo unamruka, ndo hao wameleta majibu. Mwishowe yeye na mwenzake wakakubaliana kwamba ile damu imeuzwa.

Msicheke. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima mwaka 2000 kuhusu hadithi za mumiani na wanyonya damu Afrika Mashariki na Kati wakati wa ukoloni, na hoja yake ni kwamba hadithi zile zilikuwa namna ya watu kusema jambo la kweli kuhusu nani anachukua nini kutoka kwa nani. Na kwa huku kwetu hofu haikuwa hadithi tu. Miaka ya 1999 mpaka 2001 Mbeya ilikumbwa na mauaji ya wachuna ngozi, watu waliuawa kweli na ngozi zao zikauzwa. Sasa wewe mtafiti unashuka kwenye Landkruza na kisanduku cha barafu katika mji ambao watu wamelala na hofu hiyo, halafu unaandika kwenye ripoti kwamba washiriki wengine walikataa kwa sababu ya imani potofu. Potofu ya nani? Mtu ambaye majibu yake hayajarudi ana haki ya kuhisi chochote.

Na wala si Waafrika peke yetu. Kuna mwanamke Mmarekani mweusi anaitwa Henrietta Lacks. Mwaka 1951 alikwenda hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore akiwa na saratani ya mlango wa kizazi, hii hii ninayoiandikia mimi. Wakamkata kipande cha uvimbe bila kumwomba ruhusa. Akafa Oktoba mwaka huo akiwa na miaka 31, ameacha watoto watano. Seli zake hazikufa. Zikakuzwa, zikagawiwa, zikauzwa dunia nzima kwa jina la HeLa. Familia ilikaa zaidi ya miaka ishirini bila kujua. Na ndani ya seli hizo hizo maabara ya Harald zur Hausen, Mjerumani aliyepata Nobel mwaka 2008, ilikuta virusi vya HPV aina ya 18, moja ya ushahidi kwamba saratani hii inaletwa na virusi. Kwa hiyo chanjo wanayopata wadogo zetu shuleni ina deni kwa mwanamke ambaye hakuulizwa. Agosti 2023, miaka zaidi ya sabini baadaye, familia yake ilifikia makubaliano na kampuni moja kubwa iliyokuwa ikifanya biashara na seli zake.

Nilimsimulia shangazi habari ya Henrietta. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe na huko." Halafu akaniuliza huo ugonjwa wenyewe ukoje.

Nikamweleza kama nitakavyowaeleza nyie, maana najua humu kuna dada zangu ambao hawajawahi kuelezwa vizuri.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake miongoni mwa saratani zote nchini kwetu. Makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka. Inaletwa na virusi vya HPV, ambavyo watu wengi wanaofanya mapenzi wanavipata wakati fulani, na kwa wengi mwili unavifukuza ndani ya miaka miwili hivi. Vikigoma kutoka, vinabadilisha seli za mlango wa kizazi taratibu sana, miaka kumi, kumi na tano, hata ishirini. Kwa mwanamke mwenye VVU vinagoma zaidi na mwendo unakuwa wa haraka. Hatari yake ni kama mara sita ya mwanamke asiye na VVU.

Sasa unganisheni. Iringa, Njombe na Mbeya ni mikoa inayoongoza kwa VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 uliikuta Njombe na asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. ARV zimekuja, akina mama hawafi tena kama zamani, Mungu ashukuriwe. Lakini wamebaki hai mpaka umri ambao HPV inakuja kudai chake. Mama ameokoka UKIMWI mwaka 2005, saratani inamkuta 2020. Ndo maana watafiti wa NIMR Mbeya na wenzao wa Munich wamehamia pia kwenye kuchunguza VVU na HPV vinavyosaidiana kumharibu mwanamke. Ni barabara ile ile, na kwa umri inawezekana ni wanawake wale wale.

Kipimo chenyewe sasa. Hapa shangazi alisogeza kigoda. Si kukatwa, si sindano. Unalala, nesi anaweka spekulamu, anapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja hivi, anaangalia kwa taa. Sehemu yenye seli zilizoanza kubadilika inageuka nyeupe. Ikiwa ndogo na si saratani, inatibiwa pale pale kwa kugandishwa au kuunguzwa kwa joto, dakika chache, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ikiwa kubwa au inatia shaka ndo unapewa rufaa. Siki jamani, ndugu yake ile ya kachumbari! Huko Mumbai, India, walifuatilia wanawake kama 150,000 kuanzia 1998, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kupima kwa siki kila baada ya miaka miwili kulipunguza vifo vya saratani hii kwa asilimia 31. Japo nao walilaumiwa, kwa sababu nusu ya wanawake waliwekwa kwenye kundi ambalo halikupimwa, ili kulinganisha. Mnaona swali la shangazi linavyorudi kila mahali?

Kwa wanaoanza maisha kuna chanjo. Tanzania ilianza kwa majaribio Kilimanjaro mwaka 2014, ikasambaa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu 2024 ni dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Na hiyo dozi moja haikuokotwa. Sehemu ya ushahidi imetoka Mwanza, kwenye utafiti wa wasichana 930 ulioonyesha kwamba dozi moja inaamsha kinga ya kutosha. Wazazi wa wale wasichana walikubali, na leo watoto wa nchi nyingi wanachomwa sindano moja badala ya mbili. Kwa hiyo damu inaweza kwenda mahali pazuri, mimi sitaki mtu aondoke hapa akisema utafiti ni wizi.

Kuna mfano mwingine wa karibu zaidi, Kyela. Kati ya 2006 na 2011 watafiti wa Mbeya walikuwa wakiwapima watu kila mwaka na kutunza damu. Baadaye wakairudia, wakaangalia nani alikuwa na vimelea vya matende na mabusha. Mwaka 2016 wakachapisha kwenye Lancet: mwenye vimelea vile alikuwa na hatari ya kuambukizwa VVU karibu mara mbili ya mwenzake. Hakuna aliyejua wakati damu inachukuliwa kwamba itajibu swali hilo. Ndo faida ya kutunza damu, na ndo sababu hasa ya kumwambia mtu tangu mwanzo kwamba itatunzwa.

Turudi Mafinga. Shangazi aliuliza maswali matatu, nikayaandika kwenye daftari. Atakayenipima ni mwanamke au mwanamume? Majibu nitapewa siku hiyo hiyo au nitasubiri gari jeupe? Na nikikutwa nacho, dawa ipo hapo hapo au nitaambiwa niende Dar kwa nauli yangu?

Wadau, mimi nimesoma miaka minne. Nimekariri tabaka za seli za mlango wa kizazi kwa Kilatini. Katika maswali yangu ishirini na nne hakuna lililouliza hayo matatu, kwa sababu fomu niliitengeneza kwa kufuata tafiti zilizotangulia, nazo huuliza kiwango cha elimu, idadi ya watoto, na kama mhojiwa "ana uelewa" wa saratani. Uelewa! Shangazi hana haja ya kufundishwa kuogopa saratani, anaiogopa tayari. Anachotaka kujua ni kama safari hii majibu yatarudi.

Jumatatu nikarudi kwa msimamizi na andiko jipya. Sitawachosha na lote, nawapa mambo makuu. Kwanza, mahojiano yatafanyika saa tano asubuhi, saa ambayo baa nyingi zinafagiliwa na wateja bado, kwenye chumba ambacho bosi wa baa hasikii. Pili, siku ya mahojiano ndiyo siku ya kipimo, pamoja na nesi wa kike kutoka kituo cha afya cha jirani, na mwenye doa dogo anatibiwa kabla hajaondoka. Tatu, fomu ya ridhaa inasomwa kwa Kiswahili cha kawaida, inasema wazi kwamba hakuna damu, kwamba anaweza kuondoka muda wowote na kipimo chake akapata vile vile. Nne, matokeo ya jumla yatarudishwa kwao kwa mdomo, kwa kikao, kabla sijayasoma mbele ya walimu. Na yale maswali matatu ya shangazi yameingia kwenye dodoso, namba moja, mbili na tatu.

Idadi ya washiriki imeshuka kutoka 200 mpaka 80, maana kupima ni kazi na nesi ana majukumu yake. Msimamizi akasema kwa 80 takwimu zangu zitakuwa dhaifu, siwezi kusema mambo makubwa. Kisha akasaini. Sasa linakwenda kamati ya maadili, na huko nako kuna foleni. Pia kuna suala la vifaa. Mwaka 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, huduma nyingi za afya zilizoitegemea ziliyumba, na hilo limenifundisha kutoandika "vifaa vitapatikana" kirahisi rahisi. Nimeenda mwenyewe kuhesabu spekulamu.

Na shangazi? Amesema atapima. Ila hatakuja kwenye utafiti wangu, hataki kuwa namba ya mtu, hata ya mtoto wa kaka yake. Atakwenda kivyake, kliniki, kama mama mwingine yeyote, na nimemtafutia siku ambayo nesi ni mwanamke. Ni haki yake kabisa. Tena katika watu wote niliowahoji mwaka huu, yeye ndiye aliyenijibu vizuri kuliko wote na hayumo kwenye takwimu.

Kwa hiyo dada zangu mliovuka miaka 30, nendeni mkapime. Kama unaishi na VVU usisubiri hiyo 30, uliza kliniki unakochukulia dawa. Kaka zangu, wapeni wake zenu nauli na msiulize maswali ya kijinga kuhusu nesi. Na yeyote atakayekujia na fomu na kichupa, hata akiwa mimi na koti langu jeupe, muulize bila aibu: inakwenda wapi, itakaa muda gani, majibu yanarudi lini. Akikasirika, mnyime. Akikaa chini akakueleza mpaka ukaelewa, mpe, maana kuna mtoto mahali fulani atapona kwa ajili yako.

Haya, nakimbilia zamu Meta, usiku huu kuna watoto wanataka kuzaliwa na mvua nayo haisikii kwamba ni Julai. Maoni yenu nayasubiri, hasa kutoka kwa waliowahi kushiriki utafiti wowote: je, majibu yenu yalirudi?